Safu ya Nne ya Daftari la Anjeline

Mwalimu Anjeline Akiteng alifundisha chekechea miaka thelathini, akastaafu, kisha akakataa kupumzika. Ndani ya ghala kuukuu la mahindi hapo Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, hatua chache kutoka foleni ya malori, anawanyoosha viungo watoto wenye ulemavu, anawanywesha uji, anawafundisha kushika kijiko. Mshahara hana. Ana akina mama watatu wa kujitolea, mikeka sita, na daftari.

Daftari hilo lina safu nne: jina la mtoto, umri, ugonjwa, na ya nne ambayo hutaiona kwa mtu mwingine: "Amelala wapi?" Kila asubuhi Anjeline huuliza, kila asubuhi huandika. Ana sababu. Miaka mitatu iliyopita binti mmoja, Apolot, alishikwa na kifafa mikononi mwake. Akambeba mbio hadi kwa Sharlyne, mama yake, akakuta kufuli mlangoni. Kumbe siku hizo mtoto alikuwa akilala kwa nyanya yake ng'ambo ya mto, upande wa Uganda, na dawa humfuata anakolala. Kuzipata kulichukua nusu siku nzima. Tangu hapo Anjeline aliapa kwamba hatabeba tena mtoto mgonjwa bila kujua mlango wa kubisha.

Sasa, Wateso wa Malaba wana ndugu pande zote mbili za mto, na mpaka uliwakuta hapo hapo. Mama anayewapikia madereva wa malori hadi usiku humwachia nyanya mtoto. Nyanya akiwa ng'ambo, mtoto atalala ng'ambo. Kesho mama akipata nafasi, atalala huku. Hakuna anayeona ajabu, isipokuwa serikali.

Mwaka huu ikaja mipango ya kaunti ya miaka mitano. Anjeline alishahudhuria mikutano ya namna hiyo mara mbili. Akanywa soda, akatia sahihi, akarudi kuziba paa lile lile linalovuja. Safari hii Ignatius, afisa kijana wa mipango ya jamii, alileta neno la maana. Kituo cha Anjeline kikiingia kwenye mpango, ghala litabaki lao na mtaalamu wa viungo atakuja kila wiki. Kisipoingia, ghala litavunjwa vijengwe vibanda vya soko. Sharti ni moja tu: wawe watoto thelathini, wakaazi wa wadi.

"Niko nao thelathini na wanne," Anjeline akasema, akamsukumia daftari kwa fahari.

Ignatius alisoma. Kalamu yake ilipofika safu ya nne ikaanza kukata majina. Alipomaliza walibaki kumi na tisa.

"Hawa wengine ni wa Uganda, mama."

"Wa Uganda namna gani? Mama zao wanapiga kura hapa! Huyu Apolot, mama yake si ni Sharlyne, yule amekupikia chapati leo asubuhi?"

"Najua. Lakini ni wewe mwenyewe umeandika analala ng'ambo. Wakubwa nitawaambia nini?" Akashusha sauti. "Tafuta daftari ingine, mama. Hiyo safu ya mwisho achana nayo. Nitarudi Alhamisi kuhesabu tena."

Anjeline alikasirika. Msema kweli ni mpenzi wa Mungu, lakini kwa watu wa mipango, naona, hana mpenzi hata mmoja. Angefanya kazi yake ovyo ovyo, bila kuuliza wala kuandika, leo angekuwa na watoto thelathini na wanne wasio na doa. Umakini wake ndio uliomponza.

Jioni Sharlyne akamjia. "Mwalimu, andika tu. Uongo uko wapi? Apolot ni mtoto wa hapa."

"Ni wa hapa, na siku zingine analala kule. Akishikwa nitakimbilia kwa nani? Kwa Ignatius?"

"Na ghala ikivunjwa, atashikwa akiwa mikononi mwa nani?"

Swali hilo lilimuudhi Anjeline kuliko yote. Hata hivyo daftari jipya hakununua.

Alhamisi Ignatius alikuta daftari lile lile. Akaguna, akachuchumaa kwenye mikeka, akaanza kuwauliza watoto mwenyewe. "Jana umelala wapi?"

"Kenya," wa kwanza akasema, kama alivyofunzwa na mama yake. "Kenya," wa pili. Wasioweza kusema walisemewa na mama zao. Hata Etyang, ambaye Anjeline amehangaika naye miaka miwili akaambulia maneno matatu, alilitoa la nne waziwazi: "Kenya!"

Wakatimia thelathini na wanne. Akina mama wakapiga vigelegele. Anjeline alienda nyuma kuosha vikombe vya uji. Alikuwa amefurahi, na alijichukia kwa kufurahi.

Jumatatu asubuhi akafungua daftari. "Apolot, mama, umelala wapi?"

Mtoto alitazama mlango kwanza. "Kenya, Mwalimu."

"Ignatius ameenda. Niambie mimi."

"Kenya."

Aliwauliza wote, na wote wakajibu hivyo hivyo. Safu ya nne ikajaa neno moja toka juu hadi chini.

Saa nne kijiko kilimponyoka Apolot, macho yakageuka. Anjeline alimkumbatia hadi mtikisiko ukapungua, ukaanza tena. Akambeba hadi barabarani, akapanda boda iliyokuwa karibu.

"Mwalimu, tunaenda wapi?" kijana wa boda akauliza, injini ikinguruma.

Anjeline akafungua mdomo. Dawa zilikuwa alikolala mtoto, na daftari lilisema "Kenya" tu.