Limao kwenye uji wa shangazi

Shangazi aliporudi kijijini kwetu Kishanda kutoka visiwa vya ziwani, ambako alikuwa akinunua samaki na kuwauza, kinywa chake kilijaa vidonda. Ugonjwa ulikuwa ule ambao kwetu watu waliutaja kwa kushusha sauti. Mimi nilipewa kazi ya kumpikia uji, na sijui kufanya jambo nusunusu. Nilichekecha unga wa ulezi mara mbili, nikakoroga hadi mkono ukaniuma, nikakamulia limao kama alivyopenda siku zote.

Alionja, akafumba macho, akanirudishia kikombe.

"Usimlazimishe," jirani aliyekuja kumsalimia alininong'oneza jikoni. "Anayekataa uji ameshaamua kwenda."

Kutwa nzima nilitafuna mdomo wangu wa chini, tabia yangu ninapoogopa, hadi ukachubuka. Kisha nikaonja uji aliouacha, nikitafuta nilipokosea. Ulikuwa mzuri. Ila ulipogusa mchubuko, uliniunguza kama kaa la moto.

Shule niliishia kidato cha nne. Baiolojia nilijifundisha kwa vitabu vya kuazima, na mengine haya nimeyasoma baadaye. Juu ya seli za neva kuna vipokezi, vilango vidogo vya protini vilivyopenya utando wa seli. Vingine hukaa vimefungwa hadi chembe za haidrojeni, zile zinazoifanya asidi iwe asidi, zivishike. Hapo hufunguka, sodiamu huingia ndani ya seli, na neva hupeleka habari ya maumivu kwenye ubongo. Kinywa kisicho na vidonda kina ngozi laini inayozikinga neva hizo. Kidonda huziacha wazi.

Kumbe shangazi hakuwa amekataa kuishi. Limao lilikuwa linamchoma.

Nikapika uji mwingine bila limao, nikatia maziwa, nikaupoza.

"Hii nini?" aliuliza.

"Uji, shangazi."

"Hii ni gundi. Limao liko wapi?"

"Linakuchoma."

"Najua linanichoma, mwana wange. Ndiyo ninywe gundi?"

Nilirudi jikoni nikiwa karibu kulia. Nilishika limao, nikalinusa bila kufikiri, ndipo nikaelewa. Asidi imo kwenye maji yake, lakini harufu imo kwenye ganda, na harufu hupokewa puani, na vipokezi vingine kabisa. Nikasugua ganda kwenye kikombe kwa nje, chini kidogo ya ukingo, mahali ambapo midomo haifiki.

Shangazi alinusa kwanza, akanitupia jicho. Akapiga funda moja, akatulia akiyangoja maumivu. Akapiga la pili.

"Kaa chini basi. Umenisimamia kama mtihani wa taifa."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, nikijikaza nisimwangalie. Alikunywa polepole, akipumzika kila baada ya mafunda machache. Akamaliza. Alikigeuza kikombe juu chini mbele ya uso wangu, akakitikisa, nione kwamba hakuna kilichobaki.