Koti la Studio ya Bi Mabel

Bi Mabel Thirkettle alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta: mimi nakaanga samaki na chipsi, yeye anapiga picha. Mtu mpole mpaka anakera. Mji wetu mdogo wa Lincolnshire, Uingereza, ulipakana na uwanja wa ndege, na Vita vya Pili vya Dunia vilipopamba moto, marubani wa ndege za kivita walijaa kwake. Vijana hata ndevu hazijakolea! Kila mmoja anataka picha ya kumpelekea mama yake, na lazima awe kavaa koti la ngozi lenye manyoya ya kondoo shingoni. Shida ni kwamba makoti yenyewe yalichelewa kufika. Wengi hawakuwa nayo bado.

Bi Mabel alikuwa nalo moja. Lilikuwa la Cedric, rubani aliyekuwa mchumba wake. Siku moja ya joto Cedric alipita studio, akalivua, lakini kupigwa picha akakataa katakata. Marubani wengi walikuwa na mwiko huo: hupigwi picha ukiwa unakwenda kuruka.

"Liache hapo msumarini," akasema. "Nikirudi nitalivaa unipige picha."

Hakurudi. Picha yake hata moja Bi Mabel hakuwa nayo. Alibaki na koti.

Basi akawa analivalisha wale vijana. Cedric alikuwa pande la mtu, kwa hiyo wale wembamba alilibana kwa nyuma kwa vibanio vya nguo, na mbele huoni kitu. Vibanio vikiwafinya mgongo wanacheka, na hapo hapo anabonyeza kamera. Ndiyo maana marubani wa picha zake wote wanacheka. Ukiangalia vizuri utaona koti ni lile lile, na mshono ule ule wa kola alioushona Bi Mabel mwenyewe.

Vita vikaisha. Asubuhi moja ya mvua nilikuwa nimempelekea samaki wake, akaingia mama mmoja kutoka Leeds, Bi Ogden, kaloa chapachapa. Akatoa picha kwenye mkoba: mwanawe Stanley, meno yote nje.

"Vitu vya marehemu jeshi liliniletea," akasema. "Koti tu ndilo halimo. Nimekuja kuuliza kama..."

Akaliona msumarini.

"Hili hapa! Jamani, mshono huu hapa!" Akalikumbatia, akazika uso kwenye manyoya. "Bado lina harufu yake."

Harufu yake! Koti lile lilinuka jasho la kikosi kizima na mafuta yangu ya chipsi. Nikafungua mdomo niseme. Bi Mabel akanikanyaga mguu, tena kwa nguvu.

Mama akajipimisha. "Mbona mikono mirefu hivi? Stanley wangu alikuwa mfupi, kanipita kidogo tu."

Nikajua sasa Bi Mabel hana pa kutokea.

"Jeshi lilitoa makubwa, mama," Bi Mabel akamjibu. "Ili wapate kuvaa sweta ndani."

"Kumbe. Basi naweza kwenda nalo?"

Nilimwangalia jirani yangu, nikaona aibu kumwangalia, nikajifanya natazama samaki. Bi Mabel alilichukua koti, akalipangusa mabegani, akapitisha kiganja ndani ya kola polepole. Roho iliniuma, maana nilijua anaaga.

"Chukua, mama. Tena livae kabisa, nje mvua."

Akamfunga zipu mwenyewe hadi kidevuni. Mama akamshukuru mpaka mlangoni, akashika njia ya kituo cha treni, mikono ya koti imemfika kwenye vidole.

Mlango ulipofungwa tu nikalipuka. "Wewe una wazimu? Ulilobakiza la Cedric ndilo hilo! Na si la yule mtoto, unajua vizuri si lake!"

"Alilivaa, Ivy. Alicheka ndani yake, mama yake kaona. Cedric mimi sikumpata hata kwenye picha."

"Haya, na wakija wale wengine? Kila mama na picha yake mkononi, koti hilo hilo! Utawaambia nini?"

Alikuwa kashika vile vibanio, machozi yanamtiririka wala hayafuti. Akautazama msumari mtupu.

"Nitawaambia mwenye koti alirudi, akalichukua."