Mkaja Juu ya Kovu

Binti yangu alinichora tumboni kwa kalamu nyeusi ya wino mzito, ile ya kuandikia maboksi. Nilikuwa nimelala chali kwenye kitanda cha saluni anakofanya kazi, huko Diani, gauni limepandishwa hadi kifuani na kiyoyozi kinanipuliza nyayo. Akavuta mstari upande wa kushoto, akavuta mwingine upande wa kulia, kisha akarudi nyuma hatua mbili kuikagua kazi yake kama seremala anayepima mlango. Akaniambia nikiwa na subira kiuno kitaingia ndani mpaka hapo. Zilikuwa zimebaki wiki tatu aolewe.

Niseme mapema kwamba nina hasira. Nimejaribu kuyaandika haya kwa utulivu, nikachana karatasi mbili, nikaona bora niyaandike kama yalivyo.

Alinisomea orodha ya huduma zao kwa sauti ile ile anayowasomea wateja. Kuna mkanda wa kubana tumbo, unavaliwa saa nane kwa siku. Kuna kupakwa tangawizi, chumvi na mafuta ya karafuu, kisha unazungushiwa plastiki ya kufunikia chakula na kuachwa utoke jasho. Kuna mashine ya baridi inayovuta nyama na kugandisha mafuta yaliyo ndani. Kuna sindano za kuyeyusha mafuta, ila hizo hakutaka nidungwe, kwa sababu hajui yule anayezidunga pale alisomea wapi. Na kwa wenye uwezo kuna upasuaji, mjini Mombasa. Nikamuuliza kama hawana huduma ya kumwacha mtu alivyo. Akacheka, akadhani nafanya mzaha.

Mstari wa tatu aliupitisha chini ya kitovu. Kalamu ikakwama kwenye kovu langu, akasita, akalibonyeza kwa kidole.

“Hili ndilo linaloharibu, mama,” akasema. “Lisingekuwepo hili, nyama isingening’inia hivi.”

Nilitazama dari nikahesabu taa. Kwenye kovu lile ndipo alipotokea yeye, miaka ishirini na minne iliyopita, baada ya siku mbili za uchungu ambao haukufika popote. Anajua kwamba nilipasuliwa, nimemwambia tangu mdogo, lakini kujua ni jambo moja na kukumbuka ukiwa na kalamu mkononi ni jambo jingine. Damu ilinichemka nikiwa nimelala pale pale, na nikanyamaza. Kunyamaza kwangu ndilo kosa la kwanza katika kisa hiki, na ni langu.

Ili nieleweke lazima niuelezee mkaja. Kwetu mwanamke akijifungua hukandwa kwa maji ya moto, kisha huzungushiwa kitambaa kirefu kuanzia nyonga hadi chini ya mbavu, akafungwa kwa siku arobaini. Kitambaa hicho ndicho mkaja. Siku hizi wasichana wanasema bibi zetu walikuwa wakitafuta kiuno. Uongo mtupu. Bibi zetu walikuwa wakimshika mtu aliyechoka asimwagike, basi. Mimi nilipopasuliwa, muuguzi alikataza nisikandwe wala nisifungwe, akasema nyuzi zitaachia. Mama yangu alikuwa ameshaufua mkaja na kuufukiza udi. Akaukunja akaurudisha sandukuni, na tangu siku hiyo tumbo langu likiwa mada ya mazungumzo, na lilikuwa mada mara nyingi, kulikuwa na mtu wa kusema, “Msimlaumu, hakufungwa.” Kama vile mimi ni mzigo uliosahauliwa kamba.

Kisha mkaja una siku yake ya pili. Binti anapoolewa, watu wa bwana harusi humletea mama yake kitambaa kipya, shukrani ya tumbo lililombeba. Wengine hukabidhiwa tu mkononi. Katika ukoo wetu mama hufungwa, juu ya nguo zake, mbele ya wanawake wote, na shangazi mkubwa ndiye anayefunga. Akimaliza, humuuliza biharusi aliyeko nyuma ya pazia, “Tumbo hili lilimbeba nani?” Biharusi hujibu, “Lilinibeba mimi,” kwa sauti ya kusikika hadi kwa walioketi karibu na mlango. Wasiposikia hawapigi vigelegele, na bila vigelegele hatoki mtu.

Hiyo ndiyo siku aliyokuwa akiihofia binti yangu. Alinieleza bila kuzunguka. Wifi zake wa Msambweni wote ni wembamba, mpiga picha ameshalipwa, na mkaja ukizungushwa kwenye tumbo kama langu utapanda mbele na kushuka nyuma. Alisema, “Picha hazifutiki, mama.” Nikakubali. Nilikuwa mtu mzima mwenye akili zake, na nikakubali kubanwa ili nipendeze kwa kitambaa cha kunishukuru kwa tumbo hilo hilo. Nikikumbuka hapo nataka kujizaba kofi.

Plastiki ya karafuu niliivumilia dakika kumi. Iliniwasha nikasahau dua zote ninazozijua nikabaki na moja. Mashine ya baridi iliniuma kama mbwa asiyetaka kuachia, na iliponiachia ngozi ilikuwa nyekundu na ngumu kama siagi ya frijini. Nilipouliza mafuta yaliyogandishwa yanakwenda wapi, mwenye saluni alinijibu kuwa mwili una njia zake. Mwanamke huyo huwapima wafanyakazi wake kiuno kwa tepu kila Jumatatu asubuhi, kwa sababu anasema wao ndio tangazo la biashara. Binti yangu alinisimulia hilo huku akicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha. Niliona kwamba tangu posa haijapita siku akamaliza sahani, na kwamba anapookota kitu hakunji mgongo, hupiga magoti. Chini ya buibui naye alikuwa amejifunga mkanda. Kila jioni akirudi nyumbani kwetu Kinondo nilisikia chumbani kwake vishikizo vya chuma vikifunguka, kimoja kimoja, na baada ya cha mwisho alivuta pumzi ndefu. Niliisikia sauti hiyo miezi miwili nikajiambia ni mambo ya wasichana.

Mkanda wangu alinivalisha mwenyewe, goti lake mgongoni mwangu, vishikizo ishirini na viwili. Siku ya sita nikaenda nao kazini. Mimi ni dobi katika hoteli, napiga pasi shuka kwenye mashine kubwa ya rola, na chumba chetu kina joto ambalo wageni wa kule mbele hawalijui. Shuka la tatu au la nne likaanza kuwa refu kupita kiasi. Nililivuta na kulivuta, halikwisha. Nilipofumbua macho nilikuwa chini, na mwenzangu wa zamu, mama mmoja wa kutoka bara aliye na miaka michache tu hapa pwani, alikuwa ameshika mkasi wa kukatia nyuzi za mapazia.

“Mathe, hii kitu itakumaliza,” aliniambia. “Tulia nikate.”

Akaukata kutoka juu hadi chini. Alipofika chini akasimama, mkasi mkononi. Mshono wa mkanda ulikuwa umelisugua kovu mpaka ngozi ikachubuka, palikuwa pabichi na panatoka maji. Akanisafisha kwa maji ya chumvi, akanipa taulo safi ya wageni, akasema tukikamatwa nayo tutajua la kusema.

Binti yangu alipopata habari alikuja mbio, na hilo nalisema kwa haki. Aliketi pembeni ya kitanda changu, akanishika paji la uso, akalia kidogo. Kisha akafungua mkoba akatoa mkanda mwingine. Alisema kosa lilikuwa kipimo, ule wa kwanza ulikuwa wa mtu mfupi, huu una kitambaa laini kwa ndani. Hakuomba kuona palipochubuka. Niliupokea, nikauweka juu ya kabati na nikamshukuru. Hata sasa sijui nilimshukuru kwa lipi. Usiku ule hasira ilininyima usingizi, na nusu yake ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Shangazi yangu alifika kutoka Waa siku mbili kabla ya shughuli. Ni mkubwa wa ukoo, dada wa marehemu baba. Nilimpa shikamoo, akaniitikia, akanitazama ninavyoketi kwa upande mmoja, akauliza ninaumwa nini. Nikasema mgongo. Hakuniamini, lakini ana adabu ya kizamani, hakunihoji mbele ya watu.

Siku ya mkaja, alasiri, alinikuta chumbani nikihangaika na mkanda ule wa pili. Ndiyo, nilikuwa nauvaa. Baada ya yote hayo nilikuwa nauvaa, kwa sababu nje palikuwa na kamera na sauti za wifi wa Msambweni. Shangazi alifunga mlango, akautoa mkononi mwangu, akainua gauni langu bila kuomba ruhusa, akaangalia.

“Nani kakufanya hivi?”

Nilimwambia. Nilidhani atamlaani mtoto, au saluni, au dunia ya leo. Akaniuliza swali moja tu.

“Yeye amepaona?”

Nikasema hapana. Akanifungulia mlango, akaniambia niende nikamwonyeshe, yeye atawashughulisha wageni.

Biharusi alikuwa amekaa juu ya mkeka, mikono imenyooshwa mbele, michoro myeusi ya piko bado mibichi hadi viwikoni, asiweze kugusa kitu. Nguo yake ilikuwa imembana kiunoni hata sikujua anapitishia wapi hewa. Nikawaomba waliokuwa naye watupishe. Nikasimama mbele yake, nikapandisha gauni kama alivyolipandisha yeye siku ile ya kalamu. Wino wa mistari yake, aliyoirudia kila nilipokwenda saluni, ulikuwa umefifia lakini haujatoka wote.

“Angalia,” nikamwambia. “Hapa ndipo ulipotokea. Sina mlango mwingine niliokutolea. Ulisema hili ndilo linaloharibu.”

Aliangalia. Rangi ilimtoka usoni chini ya poda. Akafungua kinywa, na mimi nikangoja, nikiwa tayari kusamehe karibu lolote.

“Mama, picha...” akasema.

Nikalishusha gauni nikatoka. Sitaficha, nilitamani kumwambia ndoa isubiri, wageni warudi Msambweni na masinia yao. Nilikuwa nimeumia kuliko siku nilipopasuliwa, maana siku ile walinichoma ganzi.

Nilikwenda moja kwa moja hadi uani, tumbo langu mbele yangu, bila mkanda. Wanawake walikuwa wamejaa kwenye mikeka. Mpiga picha, msichana wa watu, alininong’oneza kama ningependa kusimama kwa ubavu, watu wenye umbo langu hutokea vizuri zaidi kwa ubavu. Nikamwambia atanipiga nilivyosimama au aizime kamera. Mtu mmoja wa kwetu, mwenye mdomo wake, akasema kwa kicheko kwamba mkaja unakwenda kwa mtu ambaye hakufungwa hata siku moja. Wachache wakacheka. Shangazi akamwangalia, kicheko kikaisha.

Akakikunjua kitambaa. Akaanza nyuma, akanizungushia mara ya kwanza, ya pili, na alipofika kwenye kovu akalegeza mkono, akapitisha juu yake taratibu kama anayefunika mtoto aliyelala. Hakunibana. Kitambaa kilipanda mbele na kushuka nyuma, kama alivyohofia binti yangu, na kilinishika. Miaka ishirini na minne nilikuwa nimekwenda bila kushikwa. Machozi yalinitoka na hasira haikupungua hata chembe, nikajifunza kwamba viwili hivyo vinaweza kukaa pamoja.

Shangazi akafunga fundo, akageukia pazia la chumbani.

“Tumbo hili lilimbeba nani?”

Wanawake wa karibu na mlango wakainamisha vichwa kusikiliza. Nilisikia kitu nyuma ya pazia, sauti nyembamba isiyo na pumzi, maneno yakiishia njiani. Mtu wa mlangoni akatikisa kichwa kuonyesha kwamba hawakusikia. Wifi wa Msambweni wakatazamana.

Ningeweza kumwokoa. Mama wengi wangejibu kwa niaba ya mtoto, wakalifanya jambo la kucheka, vigelegele vikapigwa na mambo yakaisha. Mimi nilisogea hadi kwenye pazia, mkaja wangu kiunoni, nikasema ili kila mtu asikie.

“Hawajakusikia. Sema tena.”

Kwanza nilimsikia akimwita mtu amsaidie, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na piko. Kisha nikasikia vishikizo vikifunguka, kimoja kimoja, na uani kote hakuna aliyekohoa. Nilivihesabu. Baada ya cha ishirini na mbili akavuta pumzi ndefu, ile ninayoijua.

“Lilinibeba mimi,” akasema, na sauti yake ikafika hadi barabarani.