Mashine Aliyoogopa Kuizima

Kazini kwao walimwita Ikifa-Je, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Ukimletea kompyuta mpya, bado iko kwenye boksi, badala ya kuifurahia kama watu wengine atakuuliza, "Na ikifa je?" Dada wa mapokezi akimwambia printa imepona, atauliza hivyo hivyo. Siku kliniki ilipofungiwa jenereta jipya watu walipiga makofi, yeye akasimama nyuma na swali lake mdomoni, na mlinzi akamjibu hata hajalitoa: "Ikifa tutawasha mshumaa, fundi. Hebu tupumzishe."

Alikuwa mwoga, tusimung'unye maneno. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka shule, husimulia kwamba walikuwa wakifika nusu ya njia anataka warudi kuangalia kama mlango umefungwa, na huko nyumbani wamebaki watu tele. Lakini woga huo ndio uliomfanya fundi mzuri, na wanaomcheka kwa hilo ndio wanaomkimbilia mambo yakiharibika.

Kliniki yenyewe ilikuwa ya masikio, jengo la ghorofa moja lenye korido ndefu na viti vya plastiki. Kila kompyuta iliyokuwemo aliipiga picha. Si picha ya kamera. Alichukua kila kilichomo ndani ya mashine, programu, mipangilio na kumbukumbu za wagonjwa, akavikandamiza vyote vikawa faili moja kubwa, akalihifadhi kwenye diski ya nje. Kisha alichoma sidii ya kuwashia. Maana mashine ikishakufa haijui hata kujiamsha. Ukiitia sidii hiyo inaamka kwa nguvu ya sidii, unaiagiza ijirudishie picha yake, na ukivumilia inasimama tena kama ilivyokuwa kabla haijaanguka. Kila sidii aliijaribu kwenye kompyuta ya karakana yake, chumba kidogo kilichobanana na stoo ya mafagio, akaiandika jina kwa wino mzito na kuifungia kabatini. Baada ya hapo huenda chumbani kwenye mashine yenyewe, anaizima, anaiwasha kwa sidii yake, anatazama kama inakubali. Ikikubali, usiku huo analala.

Mashine moja tu hakuwahi kuifanyia hilo jaribio la mwisho. Ilikuwa kwenye chumba cha kupimia, kile kilichofunikwa sponji kuta zote ili kelele za nje zisiingie. Ndiyo mashine ya watoto waliozaliwa hawasikii, wakapasuliwa na kuwekewa kifaa, sehemu moja ndani ya kichwa na nyingine ya kuvaa sikioni. Kifaa peke yake hakisaidii kitu. Lazima mtaalamu akirekebishe, sauti hii ipande, ile ishuke, kila mtoto na vipimo vyake, na vipimo vyote vilikaa humo. Fundi wetu kila alipopanga kuizima alipata sababu. Leo watoto wamejaa. Kesho umeme hautabiriki. Wiki ijayo, mtaalamu akirudi. Ukweli ni kwamba humo ndani mlikuwa na vipimo vya Kasuku, mtoto wa dada yake, na kidole chake kikifika kwenye swichi kilikufa ganzi.

Mtu asiyejua anaweza kumcheka. Aliyemwona Kasuku siku ya kwanza aliyosikia hawezi. Mtoto alipiga yowe, akaking'oa kifaa cha sikioni, akajiingiza chini ya meza, na ilibidi meza inyanyuliwe ndipo atoke. Kwake sauti haikuwa zawadi, ilikuwa kitu kinachomvamia ndani ya kichwa na hajui kinatoka wapi. Miezi ikapita hivyo. Mtaalamu anapandisha kidogo, mtoto analia, anashusha, mama yake kwenye korido anajiziba mdomo kwa mtandio. Mara nyingine mama alisema basi, inatosha, abaki hivyo hivyo alivyoumbwa. Halafu taratibu yakakaa sawa. Mtoto akaanza kugeuka akiitwa. Akaanza kusema, na alipoanza hakuna aliyeweza kumzima. Aliongea na sufuria, aliongea na viatu, alimuuliza mjomba wake maswali mpaka mjomba akajifanya amelala. Jina la Kasuku lilipatikana hapo.

Kisha kifaa chake cha sikioni kikatumbukia kwenye beseni la nguo, na nyumba ikanyamaza. Kipya kilikuja, lakini kilikuja kitupu. Walipewa siku ya kwenda kutiliwa vipimo vyake, kazi ya dakika chache tu, dada akamvalisha mtoto gauni lake zuri wakaja asubuhi. Walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki pale mtaalamu alipochungulia mlango wa karakana.

"Fundi, mashine yangu haiwaki. Inatoa sauti ya kugonga gonga."

Alijua kabla hajaiona. Diski kuu ya mashine ilikuwa imekufa, na ile sauti ya kugonga ndiyo ilikuwa roho yake ikitoka.

Alipopita kwenye korido dada yake alimdaka mkono. "Kuna nini huko? Mbona mtaalamu amekuja kukuita?"

"Hamna shida, dada. Ni kitu kidogo tu."

"Una uhakika?"

"Dada, kaa tu. Nakwambia ni kidogo."

Kasuku alikuwa anamtazama mdomo, akijaribu kusoma yanayosemwa. Fundi akageuza uso.

Akaitoa diski iliyokufa, akafunga mpya, akachomeka diski ya nje yenye picha. Sidii ikaingia, ikazunguka, maandishi yakajipanga kwenye kioo. Mashine ikaamka. Alikuwa ameanza kushusha mabega pale ilipofika sehemu ya kuchagua diski ya kurudishia, akakuta orodha tupu. Akajaribu upya. Tupu. Sidii iliiamsha mashine sawasawa, lakini haikuona diski yoyote, si ya ndani wala ya nje, sawa na mtu aliyefumbua macho akawa haoni.

Kosa alilitambua papo hapo, na lilimuuma zaidi kwa sababu lilikuwa la kwake peke yake. Mashine ya chumba kile ilikuwa ya aina nyingine, ilihitaji kiprogramu cha ziada cha kuifundisha sidii namna ya kuziona diski zake. Jaribio moja pale chumbani lingemwonyesha. Mashine zote alizijaribu, isipokuwa ile aliyoiogopa kuliko zote.

"Nakala nyingine unayo?" mtaalamu aliuliza. Hakuwa mtu wa kupayuka, na upole wake ulizidi kumtisha.

"Nilikuwa nayo. Ilikuwa humu humu." Akaonyesha ile diski iliyokufa mezani.

"Na hiyo ya nje?"

"Ndiyo imebaki. Haina ndugu, na hakuna kompyuta hapa yenye nafasi ya kuimeza yote."

Mtaalamu aliitazama ile diski ya nje. "Ikipotea naweza kuanza naye upya," alisema. "Lakini nakumbuka tulivyoanza. Na sidhani kama mama yake atakubali."

Alirudi karakana akifuata ukuta, ili asipite mbele ya dada yake, na wapi, korido ni moja. Safari hii dada hakumuuliza. Alimtazama tu, na hilo lilikuwa baya zaidi. Karakana akakitafuta kile kiprogramu, akakipachika, akaanza kuchoma sidii mpya. Ikafika katikati ikakwama na kutema ujumbe kwamba imeshindikana. Akachukua nyingine, akaifuta kwa pindo la shati, akaisogelea mashine kama mtu anayembembeleza mtoto asiamke. Alipoona taa imezima na trei imejitoa yenyewe, akajua imekubali, akaichukua akarudi nayo chumba cha kupimia.

Sidii mpya iliziona diski. Hapo ndipo hofu ya kweli ilipomkamata, maana iliziona mbili, na zote zilikuwa sura moja. Ile aliyofunga ndani na ile ya nje vilikuwa vitu vya duka moja, ukubwa mmoja, na sidii ile haikujali kumwonyesha kilichomo. Diski 0. Diski 1. Chini yake maandishi mekundu: kila kilichomo kwenye diski utakayochagua kitafutika. Ukichagua ya ndani, picha inarudi. Ukichagua ya nje, unaifuta picha yenyewe, na maneno yote ya mtoto yanakwenda nayo.

Alichomoa waya wa diski ya nje. Ikabaki Diski 0. Basi ya ndani ni 0. Akachomeka tena, zikawa mbili, akajiuliza, na kama zimebadilishana namba? Akachomoa. Ikabaki 0. Akachomeka. Akachomoa.

"Fundi," mtaalamu alisema, "imekujibu. Au unataka ikuapie?"

Alicheka, kicheko kikavu kisichofika popote, akaweka kidole kwenye kitufe. Akakumbuka meza ile ikinyanyuliwa na mtoto chini yake amejikunyata. Akatamani kumwambia mtaalamu abonyeze yeye, na aibu ikamzuia. Alifumba macho akabonyeza. Ni upuuzi, fundi gani anafumba macho, lakini alifumba.

Alipofumbua, taa ya diski ya nje ilikuwa inameta meta, inasomwa. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ulitambaa, ukasimama, ukasimama kwa muda ambao alijiona ameshakwenda kwa dada yake na kumwambia, ameshaona uso wake, ameshafukuzwa nyumbani kwa dada yake siku zote za maisha. Ukasogea. Mtaalamu alitoka kwenda kuhudumia wengine akarudi, akatoka tena. Yeye hakuinuka. Mkojo ulimbana akaukatalia, kwa imani kwamba akiondoa macho pale mstari utakwama.

Ulipofika mwisho mashine ilijizima, ikanyamaza, ikawaka peke yake. Programu ya vipimo ikafunguka. Mtaalamu akaandika, orodha ya watoto ikashuka, naye Kasuku akawepo, vipimo vyake vya mwezi uliopita vimepangana safi.

"Vipo," mtaalamu alisema. "Lakini usishangilie. Mpaka vikubali kwenye kifaa kipya."

Hakuwa na mpango wa kushangilia.

Mtoto akaitwa, akakalishwa kwenye kiti chake. Alipoziona zile kuta za sponji alimshika mama yake gauni. Mtaalamu akakipitisha kifaa nyuma ya sikio lake, akabonyeza, akangoja. Uso wa Kasuku haukubadilika. Hakulia, hakushtuka, hakugeuka. Alikuwa anatazama meza. Mtaalamu alimpa mama ishara azungumze, na mama akafungua mdomo, na sauti ikakataa kutoka. Akamgeukia mdogo wake. Ikabidi aseme yeye, aliyekuwa amesimama kwenye kona na mikono nyuma ili isionekane.

"Kasuku," alisema. "Kasuku, unanisikia?"

Mtoto alikaa vile vile. Kisha akainua kichwa, akamtafuta chumbani mpaka akamwona.

"Mjomba," alisema, "unaogopa nini?"

Mtaalamu alikuwa anataka kuandika kitu, akaiweka kalamu chini. Akamwambia mama, taratibu, kwamba kusikia neno ni jambo moja, na kuijua hofu ndani ya sauti ya mtu ni jambo jingine, na watoto wengi huchelewa sana kulifikia. Mama hakuwa anasikiliza. Alikuwa amemkumbatia mtoto, amejiinamia kwenye nywele zake.

Fundi alitaka kusema haogopi kitu, maana ndivyo alivyokuwa akisema tangu asubuhi. Akaona haifai kumdanganya mtu mwenye masikio ya namna ile.

"Niliogopa hutanisikia tena," alisema.

"Nakusikia," Kasuku akasema, akamtazama zaidi, akalaza kichwa upande wa kifaa. "Na bado unaogopa."

Ilikuwa kweli. Akavuta kiti akaketi, na dada yake akanyoosha mkono akamshika wake, ule aliokuwa ameuficha, bila kumuuliza neno.