Kaseti ya Hesabu na Uji wa Shangazi

Mnaniona leo nacheka, lakini siku ile jamani ningepata shimo pale sebuleni kwetu Greenbelt, huku Marekani, ningejifukia mwenyewe. Aibu yenyewe ya kujitakia, tena niliipata nimekaa kitako, sina hata pa kukimbilia.

Enzi hizo, miaka ya tisini inaishia, nilikuwa nawasomesha wanangu wakubwa nyumbani, Salma wa miaka tisa na Idi wa saba (Tanga nilikuwa mwalimu kweli, msinicheke), mara Mungu akanijalia pacha, Hassan na Hussein, akinyamaza huyu anapokea yule, sasa chaki nitashika saa ngapi? Mume wangu, Baba Salma, akaniambia bila kuficha: "Siku Shangazi akichoka kuja, hawa watoto wanakwenda shule kama wenzao. Idi mwenyewe tebo ya saba hajui mpaka leo." Shangazi ni wake yeye, Shangazi Mwanaidi, alikuwa anafua mashuka hotelini, na kila alfajiri kabla ya kazi alipanda basi kutoka Bladensburg kuja kunikanda kwa maji ya moto na kunipikia sufuria la uji wa pilipili manga, ili maziwa yawatoshe pacha. Bila yeye sina arobaini wala sina shule.

Shida ilikuwa uji wenyewe. Ile pilipili manga! Kikombe kimoja tu masikio yanazibuka, kamasi hizo, na yeye anapika vikombe sita. Akishaondoka nakunywa kimoja nimeziba pua, vinavyobaki namwaga chooni, navuta maji, kesho yake namwambia, "Ahsante Shangazi, nimemaliza wote."

Basi nikapata akili (akili gani, ujinga mtupu) ya kurekodi masomo kwenye kaseti. Mimi nanyonyesha, watoto wamekaa mbele ya redio, sauti yangu inauliza swali, inanyamaza kidogo, wao wanajibu, inaendelea. Nikawawekea sheria moja: kaseti haizimwi mpaka somo liishe, maana Idi alikuwa na mtindo wa kuzima akakimbilia katuni. Ikafanya kazi, wallahi. Nikabuni mifano ya machungwa, ya mbuzi, ya samaki, mpaka mchana mmoja mifano ikaniishia, usingizi umenilemea, nikatupa macho jikoni nikaliona sufuria. Nikarekodi kile nilichokiona. Halafu nikasahau kabisa.

Arobaini ikafika. Wanawake wamejaa sebuleni, Shangazi kavaa gauni jipya, anapokea wageni kama mwenye shughuli (na kweli ndiye mwenye shughuli), mimi niko kwenye kochi, pacha wote wawili kifuani chini ya kanga, huyu kulia huyu kushoto, mito kila upande. Akaanza Mama Njeri, Mkenya wa kule Herndon, rafiki yangu sana lakini mdomo hauna breki: "Ati hawa watoto wanasomea kwa nyumba, na wewe umeshikwa na mapacha hivyo? Nani anawateach sasa, TV?"

Wenzake wakacheka. Ningenyamaza mambo yangeishia hapo, lakini mimi na sifa zangu!

"Idi mwanangu, weka ile kaseti unayoipenda. Waonyeshe."

Kaseti anayoipenda. Mtoto wa miaka saba, mnadhani atapenda ipi?

Sauti yangu ikatoka, tamu, ya kimwalimu: "Shangazi amepika uji vikombe sita. Mama amekunywa kimoja kwa kuziba pua. Vilivyobaki amevimwaga chooni. Choo kimekunywa vikombe vingapi?"

"Five!" wakaitikia wote wawili, wamejaa furaha.

"Salma, zima!"

"But Mama, you said never stop the tape."

Nikitaka kuinuka, Hassan kang'ang'ania, Hussein kang'ang'ania, mito inaporomoka, na kanga nayo inataka kuniacha mbele za watu, nikarudi nikakaa. Kaseti ikaendelea zake: "Vizuri sana. Je, kwa siku saba, choo kitakuwa kimekunywa vikombe vingapi?"

Idi akafumba macho, midomo inamchezacheza, halafu akaruka juu. "Thirty-five! Mama, thirty-five!"

Tebo ya saba, jamani! Mwaka mzima haikumwingia, imeingia kwa habari ya choo. Baba Salma, aliyekuwa analeta sinia la pilau, kaganda mlangoni, hajui ampongeze mtoto au anitazame mimi.

Shangazi alikuwa ameinamisha uso. "Thelathini na tano," akasema taratibu. "Na mimi naamka giza, najua mke wa mwanangu anapata nguvu." Akainuka, akaelekea jikoni, na koti lake lilikuwa linatundikwa huko huko. Nikajua basi tena, anaondoka, na shule yangu inaondoka naye. Lakini si shule iliyoniliza. Mama wa watu kanikanda mgongo kama aliyenizaa, na mimi namlipa hivi! Machozi yakanitoka sina mkono wa kuyafutia.

Akarudi na bakuli. Uji, unatoa moshi. Akasimama mbele yangu, akachota kijiko.

"Fungua mdomo, mwalimu."

Nikafungua. Akaninywesha kijiko baada ya kijiko, kamasi zinanitiririka, wanawake wanapiga vigelegele, na Mama Njeri anapaza sauti, "Maskini choo, leo kitalala njaa!" Bakuli lilipokuwa jeupe, Shangazi akamgeukia Baba Salma. "Watoto usiwahamishe. Hesabu wanaijua. Wa kusimamiwa ni mama yao."

Alfajiri ya pili yake akagonga mlango kama kawaida. Pilipili manga alikuwa ameipunguza. Na mimi nikanywa.

Tangu hapo, mtu akinipikia kitu kisichonipanda namwambia usoni, kwa heshima zote. Na hesabu nikarudi kufundisha za machungwa, maana machungwa hayana shangazi.