Cherehani Iliponyamaza

Wifi yangu ni fundi cherehani. Mimi, dada wa mumewe, kazi yangu pale kwake ni pasi, vifungo na maneno mengi. Yeye hana maneno. Ukimsalimia akiwa na pini mdomoni atakuitikia kwa nyusi, na ukimsalimia akiwa hana pini atakuitikia kwa nyusi vilevile. Huwa namuuliza kaka yangu kama alioa mke au alioa mashine, naye hucheka tu, maana ni dereva wa lori na nyumbani kwake anapita kama mgeni.

Chumba cha kazi kina dirisha moja linalotazama barabara. Mchana jua huingia polepole, na vumbi la nyuzi huelea ndani yake bila haraka, mpaka unasahau ulikuwa unafikiria nini. Chini ya meza ya kukatia kuna rundo la mabaki ya vitambaa. Hapo ndipo anapolala mwanawe, Kifungo. Tulimwita hivyo kwa sababu alizaliwa mdogo mno. Sasa ana miaka mitatu na bado ni mdogo, ila mdomo kaurithi kwa shangazi yake.

Mtoto huyu amekua na sauti ya cherehani. Wenzake huamshwa na kelele; yeye huamshwa na kimya. Miguu ya mama yake ikikanyaga, analala fofofo. Mashine ikisimama tu, kichwa kinachomoza chini ya meza na amri inatoka: "Mama, shona!" Wateja hucheka mpaka wanasahau kulalamika kwamba nguo zao hazijaisha.

Wiki ile tulikuwa na sare za shule, rundo zima la bluu, na Kifungo akashikwa na homa. Tulimpa dawa, tukampangusa kwa maji. Akalia usiku kucha, asubuhi akalia tena, akakataa uji, akakataa hata pipi, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mchana akanyamaza. Akajikunja kwenye mabaki yake, akalala.

Tulishukuru, jamani. Kwetu anayelia ndiye mgonjwa, anayelala ndiye anayepona. Hivyo ndivyo tulivyojua. Wifi akarudi kwenye mashine, mimi nikashika pasi. Mvuke ukapanda, jua likatambaa juu ya kitambaa cha bluu, cherehani ikavuma vilevile kama siku zote, nami nikawa nipo sipo. Niliona kama chumba kizima kinaelea na sisi tumo ndani yake, na baya lolote limebaki chini huko.

Uzi ukakatika.

Wifi akanyoosha mkono kuchukua uzi mwingine, na kwa mazoea sote wawili tukatazama chini ya meza, tukisubiri amri. Nilikuwa nimeshaanza kutabasamu. Nje baiskeli ikapita, kengele yake ikalia, ikapotea. Kichwa hakikuchomoza.

"Leo kachoka," nikasema. "Mwache alale. Akiamka atakuwa mzima."

"Hajaamka," akasema.

"Si ndiyo nakwambia kalala!"

"Wifi, mashine imesimama. Hajaamka."

Akatema pini, akaingia chini ya meza kwa magoti, akamtoa. Kichwa cha mtoto kikamwangukia begani, kizito. Akamwita kwa jina lake la kweli, lile la siku za kugombezwa. Macho yakafunguka nusu, yakatazama ukuta, yakajifumba. Nikaleta maji kwenye kijiko. Yakatoka pembeni mwa mdomo, yakalowesha sare ya mtoto wa watu. Ndipo nikaogopa kweli.

"Tumsubiri baba yake apige simu?" nikauliza, maana hofu ikinishika huwa nauliza upuuzi.

"Chukua shuka," akasema. Alikuwa ameshafika mlangoni, pekupeku, tepu ya kupimia shingoni.

Njia siikumbuki. Nakumbuka ile tepu ya njano ikipepea mgongoni kwake, na mimi naifuata kama ndotoni, miguu inakimbia na barabara haiishi.

Hospitalini muuguzi akamfunua Kifungo macho, akamfinya kidogo mkono. "Haamki vizuri tangu lini?"

"Tangu cherehani iliponyamaza," wifi akajibu.

Nilitaka kufafanua, lakini muuguzi hakusubiri. Alimchukua mtoto, akaingia naye ndani akimwita daktari. Baadaye daktari alitueleza bila kutugombeza kwamba mtoto anayelia bado ana nguvu za kulia. Asiyeamka vizuri na asiyeweza kunywa ndiye wa kukimbizwa palepale. Mmefanya vizuri kumleta, akasema. Nilisubiri aseme kwamba atapona. Hakusema.

Dripu ikaning'inizwa. Pazia la dirishani likawa linajaa upepo na kunywea, linajaa na kunywea. Wifi alikaa ukingoni mwa kitanda, na miguu yake ikawa inakanyaga sakafu, kisigino, vidole, kisigino, vidole. Nadhani hakujua. Nilimpenda kuliko siku zote, nikamfunika mabega kwa ile shuka.

Asubuhi mhudumu akaja na toroli la chai lenye gurudumu bovu. Krii, krii, krii, kitanda hadi kitanda, mpaka likatufikia, likasimama. Wodi ikawa kimya.

"Mama," sauti kavu ikasema, "shona."

Wifi akaanza kukanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, machozi yakimdondoka, nami nikagonga chuma cha kitanda kwa kijiko ili kumsaidia.

Kifungo alitusikiliza, uso kaukunja.

"Siyo hivyo," akasema, kisha akaomba maji.