Mizani Nane Kinuni

Hata leo, nikisikia mchi ukitwanga sombe, yaani majani ya muhogo, kidole changu kinaanza kuhesabu mizani.

Mwalimu wetu wa darasa la sita hapa Kasongo alijifunza ushairi akiwa mkimbizi Kigoma, akarudi nao kama mtu aliyerudi na baiskeli mpya: lazima kila mtu auone. Alitunga shairi la kututia moyo, akatufundisha kulipima kwa kugonga madawati, pigo moja kwa kila silabi. *Ijapo umeanguka, inuka ndugu inuka.* Nane, na nane tena, kina kikiwa "ka". Direkta wa shule alikuja mbio akidhani tunavunja darasa. Tukaenda nyumbani na swali: kwa nini mstari huo wa mwisho unarudiwa kila ubeti?

Mchana huo nilitwanga sombe na mama, kila mmoja na mchi wake katika kinu kimoja. Nikaanza shairi, naye akalipokea, akicheka kwa mara ya kwanza tangu shimo la dhahabu lilipomfukia baba kule Lusangi. Baba mdogo, aliyekuwa naye machimboni siku ile, alikuwa kando yetu akiziba pancha. Niliporudia "inuka ndugu inuka" mara ya tatu, alikuja akaushika mchi wangu.

"Acha, mwanangu. Ni vile tulikuwa tunapiga."

"Mulikuwa munapiga nini?" mama akauliza.

"Chuma, juu ya jiwe. Udongo ukianguka, sisi wa juu tunapiga. Mutu wa chini akiwa muzima, anarudisha." Hakumtazama mama. "Kaka alikuwa anarudisha, shemeji."

"Ulituambia alikufa palepale."

"Nilisema vile ili ulale."

Mama aliulaza mchi wake kando ya kinu. Mimi miezi yote ile nilikuwa nikimwona baba akifa kama anayesinzia. Baba mdogo akaongeza, kwa sauti ndogo, kwamba hata baba aliponyamaza wao waliendelea kupiga, hadi jua likazama.

Kesho yake darasani sote tulijibu kwamba mshairi anarudia ili kutia mkazo, tukapewa alama zote. Siku hizi mimi ndiye mwalimu, na jibu hilo bado nalipatia alama zote. Lakini najua kwa nini watu wanarudia: wa chini amenyamaza, na wa juu hawajakubali kuondoka.